Mtoto Anayekimbia, na Mbwa wa Kumlinda
Maongezi na mama, siku ya kupima kilo, Kibumba



Mumefika mapema, na baridi ya Kibumba inauma asubuhi hii. Sogeeni, mukae karibu-karibu. Mama mwenye mtoto wa kunyonya, amnyonyeshe tu, hakuna haya hapa. Mara ya mwisho tuliongea juu ya kuhara na juu ya surua. Leo tutaongea juu ya mtoto ambaye anakimbia.

Sisemi mtoto anayekimbia kwa kucheza. Nasema ule mtoto ambaye unageuka kidogo kuchochea moto, ukitazama tena, hayuko. Unaita jina lake, haitike. Unaita tena, ni kama unaita mtu mwingine. Munatafuta kwenye shamba la mashu, munatafuta kwa majirani, kisha munamkuta katikati ya barabara ya Rutshuru. Malori yanapiga honi, na yeye anatazama tu namna gurudumu la chukudu linavyozunguka. Kesho anafanya vile tena. Unampiga, haisaidie. Unamwambia, ni kama maji juu ya mawe ya volkano: yanapotea chini.

Mtoto wa namna hii mara nyingi ana kitu kingine. Akiwa na mwaka moja, hageuke ukiita jina lake. Akiwa na mwaka na nusu, haonyeshe kitu kwa kidole ili na wewe ukitazame. Pengine alianza kusema maneno mawili matatu, kisha maneno yakapotea. Hapendi kutazama macho ya mtu. Anapanga vijiti au vifuniko kwa mstari siku nzima, na ukivigusa analia kama umemchoma. Anapigapiga mikono hewani. Kelele ndogo inamtesa, lakini akijikata kwa jiwe, pengine halii.

Hiyo inaitwa otizimu. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema usonji. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kwamba mwaka 2021 mtu mmoja hivi katika watu 127 alikuwa nayo. Basi musifikiri ni kitu cha Wazungu. Katika soko ya Kibumba siku ya kujaa, wako. Ni kwamba tu wengi wanafichwa nyumbani.

Inatoka wapi? Mtoto anazaliwa nayo, katika namna ubongo wake ulivyojengwa. Haikutoka katika maziwa yako. Haikutoka juu ulivuka mahali pabaya ukiwa na mimba, wala juu bwana yako alikosana na baba yake. Zamani waganga wakubwa wa Ulaya na Marekani walisema ni kosa la mama asiyependa mtoto wake. Walikosea, na mama wengi walilia bure kwa miaka mingi. Na chanjo haileti otizimu. Mwaka 1998 munganga moja wa Uingereza aliandika kwamba chanjo ya surua inaileta. Gazeti la waganga lililochapa maneno yake liliyafuta mwaka 2010, na mwaka ule ule alinyang'anywa ruhusa ya kuganga. Surua ndiyo inaua watoto wetu. Leteni watoto kwa chanjo.

Tena neno la uchawi. Sheria ya Congo ya tarehe 10 Januari 2009 inalinda mtoto. Mtu akimtesa mtoto kwa kumwita mchawi, anaweza kufungwa mwaka moja mupaka mitatu. Mukumbushe wakwe zenu, na wale wa vyumba vya maombi pia.

Sasa sikilizeni habari ya mama moja wa hapa juu, upande wa Parke. Jina lake sitalitaja. Nilimuomba ruhusa, akasema: "Waambie tu, munganga. Pengine mwingine atasaidikia."

Ana kijana wa otizimu. Mwezi wa Oktoba 2022, vita ilipofika Kibumba, alikimbia na wengine mupaka Kanyaruchinya. Munajua vile kulikuwa. Mahema ya bashi yote yanafanana, kelele usiku na mchana, moshi, watu wamebanana. Kwa mtoto wetu wa kawaida ni shida. Kwa yule ilikuwa ni moto kichwani. Usiku wa pili akapotea. Walimtafuta kwa matochi ya simu, wakaita, na yeye haitikagi jina. Asubuhi wakamkuta amekaa chini ya bomba la tangi la kambi, anasikiliza maji yakidondoka. Alikuwa na baridi, alikuwa mzima.

Mukamate neno hilo: alikwenda kwa maji. Watoto wengi wa otizimu wanavutwa na maji, na katika nchi nyingi kuzama ndiko kunaua wengi kati ya wale wanaopotea. Sisi hapa Kibumba hatuna mto. Mwaka 1994, wakati wa wakimbizi, maji yaliletwa kwa malori, juu ardhi hii ya lava inameza mvua yote. Lakini tuna matangi na mashimo ya kukinga mvua ya mabati, na mengi hayana kifuniko. Mtoto akipotea, tuma watu kwanza kwa matangi yote ya jirani na kwa barabara. Kisha ndipo mutafute mashambani.

Tangu usiku ule yule mama alilala na kamba. Upande moja kwenye mkono wa mtoto, upande mwingine kwenye mguu wake mwenyewe. Watu wakacheka. Wakasema amefunga mtoto kama mbuzi. Mimi sikucheka nilipoisikia. Kumfunga mtoto kwa mti na kwenda zako ni ubaya, inamvunja mwili na roho, na moto ukitokea atakufa pale. Lakini mama aliyejifunga mwenyewe pamoja na mtoto, huyo alikuwa anafanya kazi.

Mwaka 2025 kambi zilipobomolewa, wakarudi nyumbani. Siku moja akanijia na simu mkononi. Mdogo wa bwana yake anaishi Ubelgiji, alimtumia video. Ndani ya video kuna mbwa mkubwa wa rangi ya majani makavu, amevaa koti. Mtoto amevaa mkanda kiunoni, na mkanda umeshikwa kwa koti la mbwa. Mama wa mtoto anashika kamba ya tatu. Wanatembea kando ya barabara yenye magari. Mtoto anataka kuruka, mbwa anakaa chini, puu, kama jiwe. Mtoto anavutwa, anasimama. Halafu wanaendelea.

Akaniuliza: "Munganga, shemeji anasema watu wa parokia yao wanataka kukusanya feza, watununulie mbwa ya vile. Nikubali?"

Ni swali zuri, na sikumjibu mara moja. Nilimwambia kwanza kwamba mbwa hao ni wa kweli. Nchini Canada walianza kuwafundisha kwa ajili ya watoto wa otizimu katika miaka ya 1990, kisha Marekani, Uingereza na nchi zingine zikafuata. Wengi ni wa aina ya Labrador au Golden Retriever, mbwa wapole. Wanafundishwa karibu miaka miwili, tangu wadogo, na gharama ya mbwa moja ni maelfu mengi ya dola. Hata kule, wazazi wengi hawawezi. Wanaandikia mashirika ya kusaidia watu, wanangoja zamu, pengine miaka. Majirani wanauza keki, wanakimbia mbio za kukusanya feza, makanisa yanapitisha sahani. Basi tusifikiri kwamba kuomba msaada ni aibu ya maskini wa Kibumba. Yule mzazi wa Ulaya mwenye gari na friji, na yeye anaomba.

Na si kwamba mbwa wa kazi hawajawahi kufika kwetu. Kule mbele, Rumangabo, tangu mwaka 2011 walinzi wa Parke ya Virunga walifundishwa kutumia mbwa wenye masikio marefu, wale wanaofuata harufu ya mtu, ili kuwatafuta wawindaji haramu. Lakini wale walikuwa na nyumba yao, chakula chao, munganga wao wa wanyama, na walinzi wenye kulipwa kwa kazi hiyo. Mbwa wa namna hii ni kama gari: kununua ni mwanzo tu.

Tukahesabu pamoja. Atakula nini? Mbwa mkubwa anakula kila siku, na siku zingine watoto wa yule mama wanalala na viazi tu. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa nani ataitoa, kila mara inapohitajika? Vita ikirudi, nani atambeba? Tena watu wetu wanaogopa mbwa, na wana sababu. (Hapa nasimama kidogo: mtoto akiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kamili, hata kama maji ni ghali. Kisha kimbia kwa hospitali kwa sindano siku ile ile. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Kichaa kikishaonekana kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya.)

Kisha nikamuuliza: "Mama, kazi ya ule mbwa ni gani?"

Akafikiri, akasema: anashika mtoto asiingie barabarani. Analala naye usiku. Mtoto akilia kwa hasira, mbwa anaweka uzito wake juu ya miguu yake, anatulia. Na watu wakimwona mbwa mwenye koti, wanajua kwamba mtoto huyu ana shida, hawamtukane mama yake.

Nikasema: "Vizuri. Na hapa kwako, nani anafanya kazi hiyo leo?"

Alinyamaza sana. Kisha akasema: "Ni dada yake."

Dada yake ana miaka kumi na tatu. Alimaliza darasa la sita, akapita mtihani. Shule ya msingi ya serikali haina malipo tangu mwaka 2019, lakini sekondari inadai feza. Na hata kama feza ingekuwepo, mama akienda kulima mashu au kuchota maji, nani atamshika kijana? Basi binti alibaki nyumbani. Anatembea nyuma ya ndugu yake tangu asubuhi mupaka jioni. Analala mlangoni ili asipite. Anamkumbatia kwa nguvu akipiga kichwa chake ukutani. Mbinu hiyo hakufundishwa na mtu.

"Kumbe mbwa tuko naye," mama akasema. Akaanza kulia, na mimi nilitazama kando.

Mama zangu, nawauliza: katika nyumba zetu ngapi kuna mtoto moja mgonjwa na mtoto mwingine anayelipa? Kwa kawaida ni msichana. Hakuna anayemwandika kwenye fishi. Tunapima kilo ya mdogo, na mkubwa anasimama nje na bidoni mgongoni.

Basi tulikaa tukaandika barua kwa wale wa Ubelgiji. Hatukuandika "tusaidieni sisi maskini". Tuliandika: mtoto ana miaka minane, anatoroka, amepotea mara hizi, mahali hapa. Mbwa hatutaweza kumlisha. Tunaomba vitu vinne. Kwanza lupango ya miti na mlango wenye komeo la juu, mahali mkono wa mtoto haufike. Pili tangi la kukinga maji ya mvua, lenye kifuniko cha kufunga, ili mama asipoteze saa nyingi njiani na bidoni, maana mtoto alikuwa anatoroka saa zile zile. Tatu, malipo kidogo kwa mama mzee jirani, akae na kijana asubuhi za wiki. Nne, shule ya binti, mwaka mzima, pamoja na viatu. Kwa kila kitu tuliandika bei ya soko, na jina la mwenye kushika feza, na nani ataona risiti. Tuliweka feza mikononi mwa mama wa MUSO yao, wale wanaoketi Jumamosi na sanduku la kufuli tatu.

Wale wazungu walijibu vizuri, lakini waliomba picha ya mtoto amefungwa kwa kamba. Walisema picha ile itagusa watu. Mama akakataa. Akasema: "Siku moja atakuwa mwanaume, sitaki watu wamuone vile." Tulituma picha ya tangi la jirani na ya barabara. Feza zilikuja vilevile. Nasema hivi ili mujue: mwenye kupewa msaada anaweza kusema hapana, na asinyimwe. Akinyimwa kwa sababu hiyo, basi msaada ule ulikuwa na kamba yake.

Musifikiri mambo yalikwenda kama mafuta. Feza zilikawia, na za kutuma kwa simu zilikata sehemu. Ndugu za bwana walitaka tangi lijengwe kwenye kiwanja chao, juu wao ni wakubwa. Maneno yalikuwa mengi, chefu wa mtaa aliingia kati. Mama mzee jirani alikaa wiki mbili akachoka, akasema mtoto anamng'ata. Wakampata mwingine mwenye moyo mgumu zaidi. Na kijana bado anakimbia. Mwezi uliopita mtu aliacha mlango wazi, wakamkuta kwa tangi la shule, limefunikwa, amekaa juu yake.

Sasa wewe ambaye huna shemeji Ubelgiji, utafanya nini? Wengi wetu hatuna. Nitasema yale niliyoona yanasaidia.

Mlete hapa kwanza. Tutatazama masikio yake, juu mtoto asiyesikia naye haitike, na shida yake ni nyingine. Utuambie kama anaanguka na kutetemeka, maana otizimu na kifafa mara nyingi vinatembea pamoja, na kifafa kina dawa. Kule Goma, Ndugu wa Karitas walifungua nyumba ya Tulizo Letu kwa magonjwa ya akili na kifafa. Tunaweza kuandika karatasi ya kukutuma. Dawa ya kuondoa otizimu yenyewe haiko, mahali popote. Mtu akikuuzia, anakula feza yako.

Kisha uzungumze na majirani. Najua ni vigumu. Lakini mbwa yule wa Ulaya kazi yake nusu ni koti: linawaambia watu. Chukua mtoto kwa mkono, pita nyumba kwa nyumba, sema: "Huyu ni wangu, hasemi, haitike jina, anapenda maji. Mukimuona peke yake, mumshike polepole kwa mkono, musipige kelele, munitumie mtu." Mama moja alimshonea wake shati za kitambaa cha njano tu, kila siku njano. Sasa hata wapanda pikipiki wa barabara kubwa wanamjua. Mwingine alifunga kengele ndogo ya mbuzi juu ya mlango. Mlango ukifunguka usiku, anaamka.

Siku ipangwe sawa kila siku: kuamka, uji, kuoga, shamba, kwa saa zile zile. Mtoto wa namna hii anaogopa mabadiliko kama sisi tunavyoogopa bunduki. Kabla ya kutoka, mwonyeshe kitu: bidoni ni kwenda maji, kikapu ni kwenda soko. Maneno machache, uso wako mbele ya uso wake. Akitulia, mpe kile anachopenda pale pale. Akilia kwa kelele, mtoe kwenye kelele. Usimpige, kipigo ni kelele ingine. Wengine wanatulia wakifunikwa na blangeti zito au wakikumbatiwa, wengine hawataki kuguswa. Wewe ndiye utajua wako.

Na mtafute zamu. Mama watatu wenye watoto wagumu wanaweza kushika siku kwa zamu, kama vile munavyosaidiana kulima. Moja anabaki na watoto, wawili wanalima. Kama munaweka feza katika MUSO au AVEC, muombe kisanduku cha shida kitaje pia mtoto wa ulemavu, si kifo na ugonjwa tu. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inasema haki za mtu mwenye ulemavu zilindwe katika Congo nzima. Sijaona bado ikileta tangi hata moja Kibumba, lakini unaweza kuitaja mbele ya chefu na mbele ya mkurugenzi wa shule, wasije wakasema unaomba tu huruma.

Haya, kilo. Wenye fishi ya rangi ya blu wapite upande huu.

Na kama munataka kumuona yule mama, yuko pale nyuma, amekubali nimuonyeshe. Binti hayuko leo, yuko darasani, mwaka wa kwanza wa sekondari. Kijana ndiye huyo mwenye kushika kitambaa cha mama, anatazama mzani unavyocheza. Tangi lao lilijaa mvua ya Septemba. Kifuniko kina kufuli, na ufunguo uko kwa kamba shingoni mwa mama. Ni ile kamba ya Kanyaruchinya, aliikata.